Kupanga Mkakati Katikati ya Nguvu za Nje: Mwongozo kwa Wanaoongoza Huduma za Maarifa ya Kilimo

Agosti 2017 Serikali ya India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoruhusiwa kuingia nchini humo, ikiwalinda wakulima wake baada ya mavuno makubwa. India ndiyo iliyokuwa soko kuu la mbaazi za Tanzania. Bei ikaporomoka, na wakulima wa Babati, Lindi na Mtwara wakabaki na magunia ndani. Watafiti na maafisa ugani walikuwa wamewafundisha wakulima hao mbegu bora, nafasi za kupandia na namna ya kudhibiti wadudu. Mafunzo yalikuwa sahihi, lakini somo sahihi la shambani halikuweza kumkinga mkulima dhidi ya uamuzi uliofanyika New Delhi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeongoza sehemu yoyote ya mfumo wa maarifa ya kilimo. Huenda wewe ni mkuu wa divisheni ya kilimo katika halmashauri, mkuu wa kituo cha utafiti au chuo, meneja wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), mratibu wa shirika linaloendesha mashamba darasa, au mtayarishaji wa kipindi cha wakulima redioni. Maarifa hutoka kwa mkulima, kwa mtafiti na sokoni, hupita mikononi mwako, kisha hurudi shambani. Sehemu unayoisimamia ni ndogo. Mengi huamuliwa na watu wasiomjua mkulima wako hata kwa jina.

Nguvu za nje huwezi kuzizuia, lakini nyingi hutoa dalili kabla hazijafika, na taasisi iliyojipanga huziona mapema. Nguvu ya kuangaliwa kwa makini kuliko zote ni ile inayokuja kama msaada, kwa sababu hakuna anayeiandika kwenye orodha ya vihatarishi. Hatua sita zinazofuata zitakusaidia kuandaa mpango mkakati unaozizingatia nguvu hizi, au kuurekebisha ule ulio nao kabatini.

Hatua ya kwanza: Tenganisha unachoamua na unachoamuliwa

Kaa na wenzako wa menejimenti, chukueni karatasi kubwa na muichore safu tatu: tunayoamua wenyewe, tunayoweza kushawishi, na tunayoamuliwa. Kisha andikeni kila kitu ambacho kazi yenu inakitegemea: mishahara, mafuta ya pikipiki, mazao mnayofundisha, mbegu, taarifa za hali ya hewa, bei, takwimu za wakulima, muda wa mafunzo. Kila kimoja kipewe safu yake.

Msishangae safu ya tatu ikijaa kwanza. Chukua mfano wa somo moja tu la mahindi nchini Tanzania. Afisa ugani ameajiriwa na halmashauri iliyo chini ya TAMISEMI, tangu huduma za ugani zilipohamishiwa serikali za mitaa mwishoni mwa miaka ya 1990. Sera anayoitekeleza inatoka Wizara ya Kilimo. Utafiti wa mbegu unafanywa na TARI, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Ubora wa mbegu unathibitishwa na TOSCI, na utabiri wa mvua unatolewa na TMA. Ratiba ya somo hilo inategemea taasisi hizi zote, na afisa ugani mwenyewe haongozi hata moja kati yake.

Muundo huo nao hubadilika. Kenya ilihamishia huduma za ugani kwenye kaunti mwaka 2013, kwa kufuata Katiba ya 2010. Uganda ilianzisha mpango wa NAADS mwaka 2001 ili huduma za ugani zitolewe kwa mikataba na watoa huduma binafsi. Kufikia 2014 mpango huo ulikuwa umevunjwavunjwa na ugawaji wa pembejeo kukabidhiwa kwa maafisa wa jeshi. Kila badiliko la namna hii huwahamisha watu, na watu wakihama huondoka na kumbukumbu. Kwa hiyo amua leo kwamba orodha ya wakulima wawezeshi, historia ya milipuko ya magonjwa na matokeo ya mashamba ya mfano vitatunzwa kwenye daftari la kata na kwenye kompyuta ya ofisi. Visibaki kichwani mwa afisa mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maarifa nayo ni mali.

Hatua ya pili: Zitambue nguvu tano zinazokusukuma

Usiandike “mazingira ya nje” kwa ujumla kisha ukaendelea na ukurasa mwingine. Zitaje nguvu hizo moja moja.

*1. Fedha*

Hapa pakae muda mrefu, kwa sababu ndipo mikakati mingi hupindishwa bila mtu kupaza sauti. Taasisi za maarifa ya kilimo hupata fedha kwa njia tatu kuu, na kila njia ina mkono wake wa nje.

Ya kwanza ni wafadhili na mikopo. Mwaka 1989 Tanzania ilianza mradi wa kufufua ugani wa kilimo na mifugo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukitumia mfumo wa mafunzo na matembezi ambao benki hiyo iliueneza katika nchi nyingi. Afisa ugani alifuata ratiba maalumu ya kuwatembelea wakulima wa mawasiliano, naye alipokea ujumbe kutoka juu. Mfumo huo ulitaka magari, mafuta na mafunzo yasiyokatika. Katika nchi nyingi za Afrika, mikopo ilipokwisha matembezi nayo yalikwisha, kwa kuwa gharama zake hazikuwahi kuingizwa katika uwezo wa bajeti ya ndani.

Somo hilo limerudi karibuni kwa ukali zaidi. Januari 20, 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai 1 mwaka huohuo shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limekoma kufanya kazi. Mtandao wa FEWS NET, uliokuwa ukitoa onyo la mapema la njaa tangu 1985, ulizimwa mwishoni mwa Januari, na waliokuwa wakitegemea taarifa zake kupanga msimu wakajikuta hawana pa kuangalia. Uingereza nayo, mwezi Februari, ilitangaza kupunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Anayepanga mkakati leo hana ruhusa ya kuandika kwamba mradi wa mfadhili “utaendelea”.

Ya pili ni bajeti ya serikali. Bajeti ya Wizara ya Kilimo nchini Tanzania ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, na maafisa ugani wengi wakapata pikipiki na vishikwambi. Ilikuwa neema ya kweli. Hata hivyo pikipiki huhitaji mafuta na matairi kila mwaka, na fedha hizo hutoka kwenye fungu la matumizi mengineyo la halmashauri, fungu ambalo hukatwa mapema mapato yanapopungua. Unapopokea kifaa, pokea na hesabu ya kukitunza.

Ya tatu ni tozo ya zao. Njia hii huonekana salama kwa kuwa fedha inatoka kwa wakulima wenyewe, lakini nayo ina pa kukatikia. Asilimia 65 ya ushuru wa kuuza nje korosho ghafi ilikuwa ikirudi kwenye tasnia ya korosho, pamoja na utafiti. Juni 2018 Bunge lilirekebisha sheria, na fedha hizo zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Marekebisho ya kifungu kimoja tu yalitosha kubadili hesabu za watafiti. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania iliyoko Lyamungu, mkoani Kilimanjaro, nayo hupata sehemu ya mapato yake kutokana na mauzo ya kahawa, na bei ya kahawa ya Arabika husomwa kwenye soko la New York. Mwaka wa bei nzuri usikulevye. Ndio mwaka wa kuweka akiba.

Jiulize: Chanzo chetu kikubwa kikikatika mwezi ujao, ni kazi zipi zitaendelea hadi msimu uishe? Nani anaamua kikatike?

*2. Sheria na siasa*

Siasa hufungua milango na hufunga. Mwaka 2018 Waziri Mkuu wa Tanzania, Kassim Majaliwa, aliusukuma mchikichi wa Kigoma, na kituo cha TARI Kihinga kikapewa jukumu la kuzalisha mbegu bora za zao hilo. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, wizara iliagiza kusitishwa kwa majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba huko Makutupora, Dodoma, na mabaki yake kuteketezwa. Uwe unaunga mkono teknolojia hiyo au unaipinga, kwa mpangaji ujumbe ni uleule: utafiti wa miaka unaweza kusimamishwa kwa barua moja. Kazi yenye utata wa kisiasa haifai kubeba mishahara ya nusu ya kituo.

Kaulimbiu nazo hubadilika kwa awamu. Tanzania imepita Siasa ni Kilimo mwaka 1972, Kilimo Kwanza mwaka 2009, na sasa Ajenda 10/30. Kila kaulimbiu huja na fedha, vipaumbele na lugha yake. Kiongozi mwenye busara huyapokea yote hayo kwa heshima, kisha hutafuta ni wapi yanakutana na swali la mkulima wake.

Ziko pia sheria ambazo hazisikiki majukwaani lakini zinagusa kazi yako kila siku. Ukifundisha vikundi kuzalisha mbegu, fahamu masharti ya sheria ya mbegu, haki za wagunduzi wa mbegu za mimea kwa mujibu wa sheria ya 2012, na utaratibu wa TOSCI wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora. Ukisajili wakulima, fahamu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kwa walio Kenya, sheria inayofanana nayo ni ya 2019.

Jiulize: Ni tangazo lipi la serikali ambalo, likitoka kesho, litaifanya kazi yetu iwe haramu au isiwe na maana? Ni lipi litakaloifungulia njia, nasi tuna andiko tayari?

*3. Soko na viwango*

Soko la nje halimwambii mkulima bei tu. Linamwambia alime nini, akaushe vipi na aandike nini. Machi 5, 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, lakini masharti yalibaki: shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kuanzia siku hiyo, turubai la kuanikia na kipimo cha unyevu viliingia katika elimu ya biashara ya mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Sumukuvu nayo haikuwa habari ya biashara peke yake: mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu wapatao 20. Soko lilikuja kusisitiza somo ambalo afya ya familia ilikuwa imeshalidai.

Kwa wanaohudumia wakulima wa kahawa, Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka uthibitisho kwamba kahawa haikutoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini kinachodaiwa kinajulikana: ramani au alama ya mahali lilipo kila shamba. Taasisi itakayosubiri tarehe ya mwisho itawaacha wakulima wadogo nje ya soko, kwa sababu kupima mashamba ya maelfu ya watu si kazi ya wiki mbili.

Jiulize: Kila zao tunalolifundisha linaishia wapi, na nani huko anaweza kufunga mlango? Je, tunafundisha kanuni za mnunuzi au kanuni za kuotesha tu?

*4. Hali ya hewa, wadudu na magonjwa*

Ugonjwa wa mahindi unaosababisha mmea wote kukauka, unaofahamika kwa kifupi chake MLN, uligunduliwa Bomet, Kenya, mwaka 2011, na mwaka uliofuata ukawa umeingia Tanzania. Viwavijeshi vamizi kutoka bara la Amerika vilionekana Afrika Magharibi mwaka 2016. Kufikia 2017 vilikuwa Tanzania, Kenya na Uganda. Mwishoni mwa 2019 nzige wa jangwani wakaivamia Kenya.

Tazama muda kati ya tarehe hizo. MLN ilichukua mwaka kuvuka mpaka. Viwavijeshi vamizi vilichukua mwaka kulivuka bara. Muda huo unatosha kuandaa vipeperushi, kufundisha maafisa ugani utambuzi, na kuwaonya wenye maduka ya pembejeo wasiuze dawa kwa kubahatisha. Hutosha tu kwa taasisi ambayo mtu wake mmoja ana kazi ya kusoma taarifa za nchi jirani.

Kuhusu mvua, TMA hutoa mwelekeo wa mvua za vuli, za msimu na za masika kila mwaka kabla hazijaanza. Mwelekeo huo ndio uamue ratiba ya mafunzo. Mara nyingi ratiba huamuliwa na siku ambayo fedha ya robo mwaka imeingia, na matokeo yake somo la kupanda hufika wakati wa palizi.

Jiulize: Ni nani kati yetu anayejua leo ni mdudu gani yuko nchi jirani?

*5. Teknolojia na sauti nyingine zinazomfikia mkulima*

Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000 na haijafikia kijiji kimoja afisa ugani mmoja. Pengo hilo limejazwa tayari, na si na wewe. Mwenye duka la pembejeo humshauri mkulima kila siku, wakala wa kampuni ya mbegu ana shamba la mfano barabarani, kijana wa kijijini ana kundi la WhatsApp, na redio ya wilaya ina kipindi. Programu ya simu ya Nuru humwezesha mkulima kutambua magonjwa ya muhogo na viwavijeshi vamizi kwa kamera, kwa Kiswahili, hata pasipo intaneti.

Usizichukulie sauti hizi kama washindani. Nyingine zinasema kweli, nyingine zinauza. Kazi yako ya kimkakati ni kuwa mahali pa kuhakiki, ambapo mkulima aliyesikia mambo matatu tofauti atauliza lipi ni sahihi kwa udongo wake. Kumbuka pia kwamba si kila aliye shambani anashika simu. Katika kaya nyingi simu yenye intaneti ni ya baba au kijana, wakati anayepanda, anayepalilia na anayehifadhi mavuno ni mama. Mkakati unaohamisha elimu yote kwenye simu huwa umemwacha nje mtendaji mkuu wa shamba.

Hatua ya tatu: Pima uzito

Ukishaziorodhesha, usizipe zote uzito sawa. Kwa kila nguvu jibu maswali matatu, kila moja kwa alama ya 1 hadi 3:

- Kuna uwezekano gani litokee ndani ya miaka mitatu?
- Likitokea, litaathiri wakulima wangapi kati ya wale tunaowahudumia?
- Tutapata onyo la muda gani? Onyo la msimu mzima ni alama 1, la wiki kadhaa ni 2, na pasipo onyo ni 3.

Zidisha alama tatu. Yaliyofika 12 na zaidi ndiyo ya kuingia kwenye mpango mkakati kwa jina. Mengine yabaki kwenye orodha ya kuangaliwa. Alama hizi zitolewe na watu mchanganyiko: maafisa, wakulima wawili watatu, mfanyabiashara wa mazao na mwenye duka la pembejeo. Mfanyabiashara huyo husikia habari za soko mapema kuliko ofisi yoyote ya umma.

Hatua ya nne: Kila nguvu ipewe mtu, ishara na hatua

Hapa ndipo mipango mingi hukwama. Huandika “kutakuwa na ufuatiliaji wa mara kwa mara” bila kusema nani anafuatilia nini. Jaza mambo manne kwa kila nguvu, kama mfano huu wa halmashauri inayolima mbaazi unavyoonyesha:

Nguvu: Sera ya India ya kuingiza mbaazi.

Mtu: Afisa ushirika, kwa jina, na msaidizi wake.

Ishara: Tangazo lolote la ukomo, ushuru au kuongezwa muda wa uingizaji huru, au wanunuzi wakubwa kuchelewa kufungua maghala.

Hatua: Ndani ya siku saba, AMCOS zipewe taarifa. Kabla ya msimu wa kupanda, ujumbe wa ugani ubadilike: eneo la mbaazi lipungue au lichanganywe na mahindi na alizeti, na elimu ya kuhifadhi itangulie elimu ya kuongeza tija.

Fanya vivyo hivyo kwa wadudu, kwa mfadhili na kwa sheria. Ishara iwe kitu kinachoonekana au kusomeka, si hisia. “Mfadhili ameanza kulegea” si ishara. “Fedha ya robo ya pili haijaingia siku 30 baada ya tarehe ya mkataba” ni ishara, na hatua yake iwe imeandikwa tayari.

Hatua ya tano: Linda kiini chako unapopokea msaada

Nguvu ya nje si lazima iwe hasara. Shamba darasa lilizaliwa Indonesia mwaka 1989, likiongozwa na FAO, wakulima wa mpunga walipokuwa wakipambana na wadudu. Mwaka 1999 mradi wa IFAD na FAO uliutandaza mfumo huo Kenya, Uganda na Tanzania, ukiwamo mkoa wa Kagera. Leo shamba darasa ni jina la kawaida vijijini. Lilishika mizizi kwa sababu mkulima ndiye anayechunguza, anayelinganisha na anayeamua. Mwezeshaji akiondoka, uwezo wa kuchunguza unabaki kijijini.

Kipimo chako kwa kila mradi mpya kiwe hicho: ukiondoka, nini kinabaki? Kabla hujasaini, simamia mambo manne.

1. Swali la mkulima litangulie andiko. Kila mwaka kusanya maswali ya wakulima kutoka mikutano ya vijiji na mashamba darasa, uyapange kwa uzito. Mfadhili akija na zao lake, mwonyeshe orodha hiyo. Kama halimo, mwombe abadilishe, na akikataa uwe na ujasiri wa kukataa. Mradi usiojibu swali la mtu yeyote hula muda wa maafisa wale wale wachache ulio nao.

2. Mishahara ya kazi za msingi isitoke kwenye mradi. Mradi ulipie majaribio, vifaa na mafunzo ya ziada. Anayejibu simu ya mkulima alipwe na chanzo cha ndani. Cha kuazima hakisitiri.

3. Takwimu zibaki kwako. Mkataba useme wazi kwamba taarifa za wakulima, ramani za mashamba na matokeo ya majaribio vitabaki kwenye taasisi, kwa muundo unaoweza kufunguliwa bila programu ya mfadhili, na kwamba mkulima ameridhia taarifa zake kutumiwa. Waliotegemea mifumo ya wengine mwaka 2025 walishuhudia kurasa zikifungwa usiku mmoja.

4. Mwisho wa mradi uandikwe mwanzoni. Kifungu cha kuondoka kieleze nani atabeba gharama gani kuanzia siku ya mwisho, na miezi sita ya mwisho itumike kukabidhi, si kuanzisha shughuli mpya ili fedha iishe.

Wapo watakaokuambia kuwa taasisi maskini haina nafasi ya kujadiliana. Hilo si kweli. Mfadhili anahitaji matokeo, na matokeo yako kwa wakulima unaowafahamu wewe. Ujuzi huo wa mahali ndio mtaji wako mezani.

Hatua ya sita: Funga mapitio kwenye kalenda ya msimu na ya bajeti

Mpango wa miaka mitano unaosomwa mara moja mwanzoni hauongozi kitu. Weka vikao vinne vifupi kwa mwaka, na uvifunge kwenye matukio yanayokuja yenyewe. Kwa Tanzania kalenda inaweza kuwa hivi:

- Julai: Mwaka wa fedha umeanza. Linganisha kilichopitishwa na kilichoombwa, kata shughuli mapema, usisubiri Januari.
- Septemba hadi Oktoba: Utabiri wa vuli na wa msimu umetoka. Rekebisha ratiba ya mafunzo na ujumbe wa mbegu kwa kila ukanda wa wilaya.
- Januari hadi Februari: Maandalizi ya bajeti ijayo yanaendelea na utabiri wa masika unakaribia. Peleka hoja zako kwa madiwani wakati huu, ukiwa na orodha ya maswali ya wakulima. Diwani hutetea kwa nguvu kile wapiga kura wake walichosema.
- Mei hadi Juni: Mavuno yanaingia katika maeneo mengi. Kusanya bei, hasara na magonjwa yaliyotokea, kisha upime upya alama za kila nguvu kabla ya maonesho ya Nane Nane, ambapo utakutana na watafiti, kampuni na taasisi nyingine mahali pamoja.

Kila kikao kiwe na maswali matatu tu: Ni ishara gani imeonekana? Hatua iliyoandikwa ilichukuliwa? Ni nini kipya hakimo kwenye orodha yetu? Dakika tisini zinatosha kama kila mtu amefika na taarifa ya nguvu aliyokabidhiwa.

Orodha ya kujikagua

Kabla mpango haujapelekwa kwa bodi au baraza la madiwani, hakikisha unaweza kujibu ndiyo kwa yote haya:

- Nguvu za nje zimetajwa kwa majina, si kwa neno “changamoto”.
- Kila moja ina mtu, ishara na hatua.
- Kazi za msingi zinaweza kuendelea msimu mmoja bila fedha ya nje.
- Kumbukumbu za kata zipo mahali ambapo afisa mpya anaweza kuzisoma siku ya kwanza.
- Wakulima, wanawake na vijana wakiwamo, walishiriki kupima uzito.
- Kuna ukurasa mmoja wa muhtasari, kwa Kiswahili, unaoweza kusomwa kwenye mkutano wa kijiji.

Hilo la mwisho lisidharauliwe. Mpango unaosomeka na wafadhili peke yao huwa ni wa wafadhili. Wasomee wakulima kile ulichopanga, waache wauguse na wakukosoe, kisha urudi nao mwaka ujao uwaambie kipi kilifanyika na kipi kilikwama. Anza wiki hii na karatasi ya safu tatu. Haihitaji bajeti wala kibali cha mtu yeyote.